Uwanja ni wa Nani Wageni Wakiisha Kuondoka?

Katika Kiswahili cha tangu hapo, neno uwanja halikuwa jina la jengo. Uwanja ulikuwa ni ile nafasi iliyoachwa wazi mbele ya nyumba au katikati ya mji, ambayo mtu yeyote hakuruhusiwa kuijenga. Katika miji ya mwambao wetu, ambako nyumba za mawe zimebanana hata mpita njia aweza kunyoosha mikono akagusa kuta mbili, uwanja ulikuwa ndio pumzi ya mji. Hapo ndipo ngoma za harusi zilipochezwa, ndipo vijana walipopimana kwa fimbo katika mchezo wa kirumbizi, na ndipo watu walipokusanyika kusikiliza Maulidi. Uwanja haukuwa na mlango wala ufunguo. Mwenyewe alikuwa ni mji mzima.

Siku hizi neno hilo limepanda cheo. Tusemapo uwanja, mawazo yetu huenda moja kwa moja kwenye saruji, vyuma, taa na viti vilivyopangwa kwa maelfu. Zamani uwanja ulikuwa ni mahali pasipojengwa. Leo ni kitu kilichojengwa, tena kwa fedha nyingi, tena chenye milango na walinzi. Badiliko hili la maana si jambo dogo, nalo linatuletea swali ambalo halihusu michezo peke yake, bali lahusu maadili ya taifa: jengo lililojengwa kwa ajili ya wageni ni la nani wageni wakiisha kuondoka?

Ili tusijadili hewani, tuchukue mfano mmoja ulio karibu nasi. Michezo ya Afrika Nzima ilifanyika kwa mara ya kwanza mjini Brazzaville mwaka wa 1965, ikafuata Lagos mwaka wa 1973, kisha Algiers mwaka wa 1978. Zamu ya nne ikawa ya Nairobi, kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 12 Agosti 1987. Nchi ilikuwa tayari na Uwanja wa Taifa wa Nyayo, uliofunguliwa mwaka wa 1983, lakini huo haukutosha kwa ugeni wa bara zima. Kwa hiyo, kwa msaada wa serikali ya Uchina, kilijengwa Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi huko Kasarani, kando ya barabara ya kwenda Thika. Si uwanja mmoja tu. Pana uwanja mkuu wa watazamaji wapatao 60,000, pana ukumbi wa michezo ya ndani wa watazamaji 5,000, pana bwawa la kuogelea la kipimo cha Olimpiki, pana viwanja vya mazoezi na malazi ya wachezaji. Wageni wakaja, wakakimbia, wakaruka, wakaogelea. Katika fainali ya kandanda Misri ilitufunga bao moja kwa sifuri, nasi tukawapa mkono. Siku kumi na mbili zikapita. Wageni wakafunga mizigo yao wakaenda zao, na saruji ikabaki.

Ipo hoja ya kwanza ambayo mwanafunzi yeyote mwenye akili ataitoa, na mwalimu asimnyamazishe. Atasema: kulikuwa na haki gani kujenga kitu kikubwa kama hicho katika nchi ambayo watoto wengine walisomea chini ya miti, na wagonjwa wengine walilala wawili katika kitanda kimoja? Hoja hii ni nzito. Anayeijibu kwa kusema tu kwamba uwanja ni sifa ya taifa hajaijibu, kwa maana sifa haiponyi mgonjwa. Wala hoja hii si yetu pekee. Mji wa Montreal, ulio katika nchi tajiri ya Kanada, ulijenga uwanja kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka wa 1976, na deni la ujenzi huo likalipwa likaisha mwaka wa 2006, miaka thelathini baada ya mwenge kuzimwa. Watu waliokuwa hawajazaliwa wakati wa michezo ile walikua wakawa walipa kodi, wakalipia karamu ambayo hawakuila.

Hata hivyo, sikubali kwamba jambo hili ni anasa tupu. Binadamu haishi kwa kushiba peke yake. Huishi pia kwa heshima, na katika utamaduni wetu heshima kubwa ya nyumba ni jinsi inavyopokea mgeni. Hata nyumba ya maskini ina mkeka mmoja uliotunzwa, ambao haukaliwi ovyo, unaongoja siku ya mgeni. Bara letu lilikuwa limezoea kualikwa kwa watu, na wakati mwingine kualikwa kwa masharti. Kwa waafrika kukutana wao kwa wao, katika ardhi yao, chini ya bendera zao, ilikuwa ni haja ya roho na siyo haja ya macho tu. Aliyeijenga Kasarani alikuwa akitandika mkeka.

Na iwapo mtu atasema kwamba mkeka wenyewe ulikuwa wa kuazima, kwa kuwa uliletwa na Wachina, basi na atazame kuta za nyumba za zamani za Lamu. Humo mna vidaka, yaani vishubaka vilivyotengenezwa kwa chokaa ukutani kwa ustadi mkubwa, na ndani ya vidaka hivyo wenyeji walipanga sahani na mabakuli ya kauri yaliyotoka Uchina. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, lipo kaburi la mnara ambalo wenyewe walilipamba kwa mabakuli kama hayo. Ni kweli kwamba vyombo vile vilikuja kwa biashara na uwanja huu ulikuja kwa msaada, lakini fundisho ni moja. Hakuna aliyesema kwamba kwa sababu bakuli lilitoka ng'ambo, basi kidaka si cha Mswahili. Kilichofanya bakuli liwe letu ni kule kulijengea mahali, kulipangusa vumbi, kulihesabu na kumrithisha mtoto. Kitu cha mtu huwa chako kwa malezi. Na kitu chako mwenyewe, ukiacha kukilea, huwa cha mtu.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha jambo. Tunayo methali tunayoisema mara kwa mara: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu tumejifunza kuitekeleza nusu ya kwanza. Tunaita wageni kwa shangwe. Lakini methali haikuishia hapo. Inasema kwamba ujio wa mgeni ni halali na una baraka kwa sababu mwenyeji naye hupata nafuu: kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni huliwa na watoto wa nyumba pia. Kama mgeni amekula akaondoka na watoto wamebaki kunusa moshi, methali imevunjwa. Basi haki ya kujenga Kasarani haikukamilika siku ya ufunguzi. Iliachwa kama ahadi, na ahadi hiyo yapasa ilipwe kila mwaka kwa kazi ambayo uwanja unawafanyia wenyeji.

Wazee wakasema tena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naona methali hii yafaa kutumiwa si kwa watu tu, bali hata kwa majengo. Uwanja ulikaa kitako kama mgeni kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu ulipaswa kupewa jembe.

Je, ulipewa? Tuseme kweli bila chuki na bila kujipendekeza. Kazi umefanya. Mwaka wa 2017 vijana wa chini ya miaka kumi na minane kutoka pande zote za dunia walishindana hapo katika riadha. Baadhi ya mataifa makubwa hayakuja, yakitaja usalama, lakini wananchi walifurika kuwashangilia watoto wa watu wasiowajua, na huo ulikuwa ni ukarimu wa kweli. Mwaka wa 2021 yalifanyika mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka ishirini, na tarehe 18 Septemba mwaka huohuo Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuivunja rekodi ya Afrika. Marais wawili wameapishwa humo, mwaka wa 2013 na mwaka wa 2022.

Lakini pia zimekuwako nyakati ambapo jembe lilishika kutu. Mwezi wa Septemba 2017 Shirikisho la Kandanda la Afrika liliiondolea Kenya heshima ya kuandaa mashindano ya mataifa kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa kuwa matayarisho yalikuwa nyuma. Tulipopewa nafasi nyingine pamoja na ndugu zetu wa Tanzania na Uganda, Kasarani ilifungwa, ikakarabatiwa, na fainali ya mashindano hayo ikachezwa humo tarehe 30 Agosti 2025. Twafurahi. Lakini tujiulize kwa nini ukarabati huja tu mgeni anapobisha hodi. Nyumba inayofagiliwa kwa sababu ya hodi peke yake ni nyumba ambayo wenyewe wamejizoeza kuishi katika vumbi, na mtu anayejiona kwamba yeye mwenyewe hastahili ufagio amejidharau kabla hajadharauliwa na mwingine.

Mji wa Lagos utupe onyo. Uwanja wa Taifa wa Surulere ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya mwaka wa 1973. Ulikuwa fahari ya Nigeria, lakini baada ya mwaka wa 2004 uliachwa kwa miaka mingi ukazorota. Nigeria haikukosa fedha, wala haikukosa wataalamu, wala haikukosa mashabiki. Kilichokosekana ni kile ambacho hakiwekewi jiwe la msingi. Nimefanya kazi ya serikali miaka mingi, na ninajua kwamba ujenzi una sherehe, una hotuba, una utepe wa kukatwa. Lakini matengenezo hayana sherehe. Kwenye jiwe lililo mlangoni huandikwa jina la aliyefungua. Sijapata kuona jiwe lililoandikwa jina la aliyeziba bomba lililovuja, au la mama aliyefagia ngazi kwa miaka ishirini. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Maadamu tunamtukuza mzazi na kumsahau mlezi, tutaendelea kuzaa majengo yatakayokufa utotoni.

Mtu atauliza: kama uwanja ni wa wenyeji, wenyeji wanauhitaji kwa jambo gani? Mabingwa wetu hawakuzaliwa na saruji. Huko Mexico mwaka wa 1968, miaka kumi na tisa kabla ya Kasarani, Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walitwaa dhahabu tatu. Hapo Iten, katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, uwanja wa udongo wa Kamariny umekanyagwa na miguu ya mabingwa wa dunia wasiohesabika, bila ya kuwa na paa wala taa. Wala si utu wa mwanamichezo unaotokana na uwanja. Mwaka wa 1976, Kenya, Tanzania na mataifa mengine zaidi ya ishirini ya Afrika yalikataa kushiriki katika Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na New Zealand haikufukuzwa. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka wa 1974, hakukimbia. Vijana wale waliacha medali mlangoni mwa uwanja ule wa gharama kubwa ili heshima ya watu isikanyagwe. Basi heshima yaweza kusimama bila uwanja. Uwanja ndio usioweza kusimama bila heshima.

Jawabu langu ni kwamba uwanja wa taifa haukujengwa ili uzae vipaji, bali ili taifa lijione. Mwezi mmoja baada ya Michezo ya Nairobi, Billy Konchellah, Paul Kipkoech na Douglas Wakiihuri walishinda dhahabu katika mashindano ya dunia mjini Roma. Tulishangilia kwa redio. Mcheza kwao hutuzwa, na kwao ni mahali ambapo mtoto wa Mathare, wa Turkana na wa Kwale waweza kuketi katika safu moja, wasijuane majina, wakamwita mkimbiaji mmoja "wetu". Hiyo ndiyo kazi ya uwanja wa zamani, ule usio na mlango. Na ikiwa hiyo ndiyo kazi yake, basi kipimo chake hakiwezi kuwa idadi ya viti. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kipimo ni kuona ni nani anayeingia, na akiingia anatendewaje. Napendekeza tuupime kwa watu wawili: mgeni asiye na bendera, na mtoto asiye na kiingilio.

Mgeni asiye na bendera ni yule ambaye hakualikwa, hana wimbo wa taifa wa kupigiwa, bali amekuja kwa sababu kwao kunawaka moto. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi yaliyoua watu wasio na hatia, ulifanyika msako mkubwa mjini Nairobi, na watu wengi, hasa wa asili ya Kisomali, wakimbizi na hata raia miongoni mwao, walikusanywa wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili vitambulisho vyao vichunguzwe. Serikali ina wajibu wa kulinda roho za watu, na asiyeukubali wajibu huo hajafiwa. Lakini wajibu huo hautuondolei swali. Mahali palepale palipojengwa ili Mwafrika ampokee Mwafrika palikuwa mahali pa kumzuia mtu kwanza na kumuuliza baadaye. Hatukuwatambua waliokuwa ndani kuwa wageni wetu, wala wengine wao kuwa ni wenyeji wenzetu. Ukarimu unaomjua tu mgeni mwenye bendera haujawa ukarimu bado, ni itifaki.

Mtoto asiye na kiingilio ni huyu aliye darasani mwako, mwalimu. Kasarani iko mbali naye. Uwanja wake ni ule ulio nyuma ya madarasa, wenye mashimo na magoli ya miti. Mwezi wa Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road, mjini Nairobi, walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Walipotoka kuudai, pamoja na watu wazima waliowaunga mkono, walirushiwa gesi ya kutoza machozi. Taifa likashtuka, ukuta ukaangushwa, na watoto wakarudishiwa kiwanja chao. Tendo lile la kurudisha lastahili kusifiwa. Lakini wangapi wamezungushiwa ukuta bila picha kupigwa? Na huko Iten, Kamariny ile iliyozaa mabingwa ilifungwa ili ikarabatiwe, na ukarabati ukakwama kwa miaka, wakimbiaji wakarudi barabarani kukwepana na magari. Nchi yenye uwanja wa watu 60,000 na mtoto asiye na mahali pa kukimbia ni kama nyumba yenye kidaka kilichojaa mabakuli ya kauri, na watoto wanakunywa maji kwa viganja.

Sisemi tuvunje mabakuli. Nasema watoto wanywe kwanza. Wala sisemi tuache kualika wageni, kwani mwaka wa 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilichaguliwa kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka wa 2027, na kualikana huko ni jambo jema kwa jirani na jirani. Nasema kila tunapotenga shilingi ya kujenga, tutenge na ya kutunza, tena ionekane katika daftari, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na kila tunapopima ardhi ya uwanja mkubwa, tuhakikishe hati ya uwanja mdogo wa shule imo kabatini, imesajiliwa kwa jina la shule.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa tu. Anayetupa taka chini ya kiti alichoketi, au anayevunja lango ili aingie bila tikiti, kama ilivyotokea Kasarani mwaka wa 2025 hata idadi ya watazamaji ikapunguzwa kwa amri, anasema kwa vitendo kwamba uwanja huo si wake. Mtu haibi kwake, wala hachafui kwake. Uwanja utakuwa wa wananchi siku ile mwananchi atakapojisikia aibu kuuona mchafu, kama anavyojisikia aibu mgeni akimkuta hajafagia. Kwa hivyo nawaachia ubeti huu, muujadili darasani:

Uwanja tumeujenga, wageni tukapokea,
Bendera zikajipanga, ngoma zikatulilia,
Wageni walipofunga, mizigo wakarejea:
Kujenga ni kuanzia, kutunza ndiko kujenga.